Risasi za Nyavu: Uzani Sawa na Usalama wa Nyumba

(Somo la kusomwa na kujadiliwa katika vikundi vya wanachama)

1. SHABAHA YA SOMO

Katika Wilaya ya Kyela, kuanzia Ndandalo hadi fukwe za Ziwa Nyasa, si ajabu kulikuta jembe na wavu katika nyumba moja. Mwanachama anayeuza mpunga au kakao kwa njia ya chama chake huenda pia akawa na wavu wa kutega, au akawa na ndugu aliye nao. Nyavu zinahitaji vizito vya kuvuta kamba ya chini, na wako wavuvi wanaosubu vizito hivyo wenyewe, uani, kwa risasi iliyookotwa hapa na pale.

Kazi hiyo yaonekana ndogo. Lakini ndani yake mna mambo mawili makubwa: mapato ya mvuvi, ambayo hutegemea wavu uliokaa sawa majini, na afya ya watoto wa mvuvi, ambayo hutegemea mahali risasi ilipoyeyushwa. Baada ya somo hili mwanachama atakuwa ameelewa:

(a) jinsi vizito vya risasi vinavyoandaliwa hata vikawa na uzani sawa;
(b) hatari iliyomo katika kazi hiyo, na chanzo chake;
(c) vitu vingine viwezavyo kuchukua nafasi ya risasi;
(d) uamuzi ambao chama kinapaswa kuufanya, badala ya kumwachia kila mtu afanye apendavyo nyumbani kwake.

2. NENO MOJA, KAZI MBILI

Katika Kiswahili neno risasi ni jina la madini, na ni jina la kitu kitokacho katika mtutu wa bunduki. Wavuvi wameongeza maana ya tatu, yaani kizito cha wavu. Maana zote zina asili moja. Madini haya ni mazito sana, kwani ujazo wa sentimita moja ya mraba yenye kimo cha sentimita moja una uzani wa gramu 11.34, zaidi ya mara kumi na moja ya maji. Tena huyeyuka kwa moto mdogo, nyuzi 327 za Selsiasi tu. Kwa hiyo kila mwenye jiko la mkaa na kalibu aweza kuyasubu.

Pwani ya kaskazini ya Ziwa Nyasa iliijua risasi ya gobore mapema. Kati ya mwaka 1887 na 1889 vita vilipiganwa Karonga, kusini ya Mto Songwe, baina ya mfanyabiashara Mlozi na watu wake kwa upande mmoja, na Kampuni ya African Lakes kwa upande wa pili. Ni katika vita hivyo, mwaka 1888, ambapo Frederick Lugard alijeruhiwa vibaya alipokuwa akiongoza shambulio juu ya boma. Mwaka 1890 mapatano ya Brussels yalizuia bunduki za kisasa zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini yakaruhusu zile za gumegume zenye mtutu laini. Hiyo ni sababu mojawapo ya gobore kudumu vijijini kwa muda mrefu.

Gobore hujazwa kwa mbele. Baruti hutangulia, kisha hufuata risasi ya mviringo iliyofunikwa kwa kipande cha kitambaa, nayo hushindiliwa kwa ufito. Risasi hiyo yapasa kuwa nyembamba kidogo kuliko mtutu, na iwe ya madini laini yasiyochanganywa. Katika nchi ambazo kulenga shabaha kwa gobore kumebaki kuwa mchezo, walengaji hodari hawaiamini risasi kwa kuitazama tu. Huipima kila moja kwa mzani. Iliyo nyepesi kuliko wenzake huhesabiwa kuwa ina pango la hewa ndani, hata kama sura yake ni nzuri, nayo hurudishwa chunguni. Risasi yenye pango haiendi ilikoelekezwa.

Somo hili halifundishi kutengeneza risasi za bunduki. Silaha na risasi zake zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na asiye na kibali asijaribu. Lakini desturi ya mlengaji ya kutoiamini sura na kuuamini mzani yafaa sana kuazimwa na mvuvi.

3. KWA NINI UZANI UWE SAWA

Wavu wa kutega husimama majini kama ukuta. Maboya huivuta kamba ya juu, vizito huivuta kamba ya chini, nayo macho ya wavu hufunguka katikati. Vizito vikiwa sawa na vikipangwa kwa nafasi sawa, ukuta husimama wima. Mahali penye kizito chepesi kamba ya chini huinuka, na samaki hupita chini yake. Mahali penye kizito kupita kiasi maboya huzamishwa, macho ya wavu hubanwa, na wavu hujisokota pindi mkondo unapokuja.

Na ichukuliwe hesabu hii. Wavu una urefu wa mita 90, na kizito kimoja hufungwa kila baada ya mita 1.5. Nafasi ni 60. Na kwa kuwa kuna kizito katika kila ncha, vizito vyote ni 61. Risasi ya mviringo yenye kipenyo cha milimita 20 na tundu la milimita 4 la kupitishia kamba ina uzani wa karibu gramu 45. Vizito 61 vya aina hiyo ni gramu 2,745, yaani pungufu kidogo ya kilo mbili na robo tatu. Hesabu hii itahitajika tena katika sehemu ya nane.

4. KUITAMBUA RISASI INAYOFAA

Si kila kitu cheusi na kizito ni risasi, wala si kila risasi yafaa kuyeyushwa.

Risasi safi ni laini. Ikikwaruzwa kwa kucha huacha alama inayong'aa, na ikisuguliwa juu ya karatasi huchora mstari wa kijivu. Hupatikana katika mabomba ya kale, katika magamba ya nyaya za chini ya ardhi, na katika mabamba ya kuzibia mapaa ya nyumba za zamani. Vizito vinavyotumiwa na mafundi kusawazisha magurudumu ya magari havina uhakika. Vingine ni vya risasi iliyokazwa kwa antimoni, na vingi vya siku hizi ni vya zinki au chuma. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420, na ikijichanganya na risasi huiharibu isijaze kalibu vizuri.

Betri chakavu ya gari, ya pikipiki au ya umeme wa jua isivunjwe na mwanachama yeyote kwa ajili ya kupata risasi. Huo ndio mzizi wa somo hili. Mabamba ya betri si risasi safi. Mengi yake ni unga wa risasi iliyochanganyika na oksijeni na asidi. Unga huo hupeperuka, hushika katika nguo, na huchanganyika na udongo wa ua. Baadhi ya mabamba yana antimoni na aseniki, na takataka zake zikipata unyevu zaweza kutoa hewa yenye sumu kali. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake, betri chakavu ni taka ya hatari, na biashara ya kuikusanya na kuisafirisha huhitaji kibali. Sasa betri ziko hata fukweni, kwa kuwa taa za betri zimeshika mahali pa karabai katika uvuvi wa usiku wa usipa. Kwa hiyo kishawishi cha kuzivunja kimeongezeka.

5. NAMNA YA KUSUBU

Yafuatayo yameandikwa kwa ajili ya chama ambacho bado kina risasi safi na kimeamua kuitumia. Kazi ifanywe na watu wazima wawili waliokubaliwa na chama, mahali pa wazi penye upepo, mbali na nyumba, kisima, mifugo na bustani. Mjamzito, mama anayenyonyesha na mtoto wasiwepo.

Kwanza, vyombo. Chungu kiwe cha chuma kizito. Sufuria ya alumini hulegea kwa moto, nayo yaweza kupasuka ikiwa imejaa. Upawa uwe wa chuma. Chombo kilichotumika kwa risasi kisirudi jikoni kamwe, hata kikisuguliwa kwa mchanga mara saba. Wafanyakazi wavae viatu vilivyofunika, mikono mirefu, glavu nene na miwani.

Pili, ukavu. Kyela ni nchi ya mvua nyingi, na unyevu ni adui mkubwa wa kazi hii. Tone moja la maji likiingia chini ya risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke kwa ghafla na kuirusha risasi usoni mwa mtu. Kalibu, upawa na vipande vya risasi vianikwe na kupashwa moto kabla ya kutumika. Kazi isifanywe mawingu yakiwa yametanda, wala maji ya kunywa yasiwekwe karibu na chungu.

Tatu, moto. Moto usizidi kiasi, kwa sababu kadiri risasi inavyozidi kupata moto ndivyo inavyozidi kutoa moshi wa sumu usioonekana. Fundi asiye na kipimajoto atumie kijiti kikavu. Kikichovywa kikageuka rangi ya hudhurungi polepole bila kuwaka, risasi i tayari. Kikiwaka, moto umezidi.

Nne, usafi wa madini. Kipande kidogo cha nta hutiwa, kisha risasi hukorogwa kwa kijiti kikavu. Uchafu hupanda juu, huenguliwa kwa upawa na kutiwa katika kopo lenye kifuniko. Uchafu huo ni sumu kuliko risasi yenyewe, wala usimwagwe shimoni wala ziwani.

Tano, kumimina. Kalibu ya vipande viwili hupashwa moto kwanza, na msumari uliopakwa masizi huwekwa katikati ili kuacha tundu. Risasi humiminwa kwa mkondo mmoja bila kusita. Vizito vichache vya kwanza aghalabu huwa na vinyanzi kwa sababu kalibu haijapata moto wa kutosha, navyo hurudishwa chunguni. Kizito chenye sura ya ukungu mweupe huonyesha kuwa moto umezidi. Risasi inapopoa hujikunja, na pango hupenda kujificha chini ya mkia uliobaki kwenye mdomo wa kalibu. Hivyo fundi aache risasi ya kutosha juu ya mdomo, ili ile inayojikunja ipate cha kujazia. Mkia ukishakatwa, patazamwe mahali pake kama pana tundu.

6. MZANI NDIO SHAHIDI

Baada ya kupoa, vizito vyote vipimwe kimoja kimoja. Na ichukuliwe kuwa vizito kumi vimepimwa vikawa na gramu hizi: 45, 45, 44, 45, 39, 45, 46, 44, 45, 42.

Jumla ni gramu 440, na wastani ni gramu 44. Hata hivyo wastani hautoshi kuwa mwongozo, kwa sababu umeshushwa na vizito viwili vibaya. Kipimo cha kufuata ni kile kilichojirudia mara nyingi zaidi, yaani 45. Chama kikikubali tofauti ya gramu moja juu au chini, vizito vinane vimefaulu. Cha 39 na cha 42 vina mapango, navyo virudi chunguni. Karani anayeandika matokeo asiwe yule aliyesubu, maana fundi huisamehe kazi ya mkono wake.

7. YALIYOTOKEA THIAROYE-SUR-MER

Thiaroye-sur-Mer ni kitongoji cha pwani karibu na jiji la Dakar, nchini Senegali. Kwa miaka mingi wahunzi wake walivunja betri za magari, wakatoa risasi, wakasubu vizito vya nyavu. Vumbi lilibaki katika mchanga wa mtaa. Baadaye bei ya risasi ilipanda duniani, wakaja wanunuzi waliotaka hata mchanga wenyewe. Wakazi wa mtaa wa NGagne Diaw wakachimba, wakachekecha, na wengine wakaweka magunia yake majumbani mwao. Wengi waliofanya kazi hiyo walikuwa akina mama, na watoto wao walikuwa kando yao.

Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 wa mtaa huo walifariki. Uchunguzi ulioshirikisha Shirika la Afya Duniani uliwapima watu 81, wakubwa kwa watoto, na wote walionekana kuwa na sumu ya risasi miilini mwao.

Yafaa wanachama waitazame habari hiyo kwa makini. Wale hawakuwa wenye viwanda, bali watu wa nyavu kama wavuvi wa Kyela. Hakuna aliyekusudia ubaya. Kila mhunzi alifanya kazi kidogo uani kwake, na kidogo hicho kikajumlishwa mwaka baada ya mwaka.

Karibu zaidi, huko Mombasa, wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru waliishi kando ya kiwanda cha kuyeyusha betri tangu mwaka 2007 hadi kilipofungwa mwaka 2014. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua kuwa damu ya mwanawe mchanga ilikuwa na risasi, akaanza kuwatetea wenzake. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama ya Kenya iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na Mahakama ya Juu ikaithibitisha fidia hiyo Desemba 2024. Fidia hiyo haiwezi kuirudisha akili ya mtoto iliyokwisha kudhurika.

Risasi haina harufu wala ladha ya kuonya. Ikiingia mwilini hukaa mifupani kwa miaka mingi, na hupita kutoka kwa mama mjamzito kwenda kwa mtoto aliye tumboni. Mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima, naye huchezea udongo na kutia vidole mdomoni. Dalili zake ni kuumwa tumbo, kufunga choo, kupungukiwa na damu, uzito wa kujifunza, na katika hali mbaya degedege na kifo. Dalili hizi hufanana na za maradhi mengine yanayojulikana, hivyo mzazi hudhani ni malaria au minyoo. Kupima damu ndiyo njia ya hakika ya kujua. Shirika la Afya Duniani linasema kuwa hakuna kiasi cha risasi mwilini kijulikanacho kuwa hakina madhara.

Hatari haiishi mahali pa kuyeyushia. Mvuvi anayebana kizito kwa meno ili kishike kamba, mtoto anayechezea vizito kama gololi, na mama anayefua nguo za fundi pamoja na nepi, wote wamo katika hatari hiyo hiyo.

8. VITU VINAVYOWEZA KUCHUKUA NAFASI YA RISASI

Wanachama watauliza: ikiwa risasi ni hatari hivyo, wavu utazama kwa nini? Jibu linapatikana kwa hesabu.

Kitu kikiwa majini hupunguziwa uzani sawa na uzani wa maji kilichoyasukuma. Risasi ya gramu 100 huvuta majini kama gramu 91. Chuma cha gramu 100 huvuta kama gramu 87. Jiwe la kawaida la gramu 100 huvuta kama gramu 63. Udongo uliochomwa huvuta kama nusu ya uzani wake au zaidi, kwa kadiri ulivyofinyangwa na kuchomwa.

Wavu wa mfano ulikuwa na risasi ya gramu 2,745. Majini risasi hiyo huvuta karibu kilo mbili na nusu. Kazi hiyo hiyo yaweza kufanywa na chuma cha kilo 2.9 hivi, yaani ongezeko la gramu 150 tu katika wavu mzima. Vipande vya nondo vilivyokatwa kwa urefu mmoja, au nati kubwa chakavu zilizopimwa, vyatosha. Hushika kutu, ila vyaweza kupakwa lami.

Kwa udongo uliochomwa zitahitajika kilo tano, yaani gramu 82 kwa kila kizito. Kizito cha namna hiyo ni kidogo kuliko yai la kuku. Nchi ya Kyela haina haja ya kwenda mbali kutafuta fundi. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe ni wafinyanzi wanaojulikana kote ukingoni mwa ziwa, na vyungu vyao huuzwa katika soko la Matema. Mkono unaoweza kufinyanga chungu chembamba kisichopasuka motoni hautashindwa na kizito chenye tundu. Chama kikiagiza kwa pamoja, na kikitoa kielelezo cha kupimia, chaweza kupata vizito vilivyo sawa, na fedha ikabaki katika wilaya.

Udongo una kasoro zake. Huvunjika ukigongwa mwambani, kwa hiyo wafaa zaidi penye fukwe za mchanga kuliko chini ya Milima ya Livingstone ambako mwamba huingia majini. Tena ni mkubwa kuliko risasi, hivyo mvuvi ajifunze kuukunja wavu usinase. Lakini kizito cha udongo kikipotea ziwani hurudi kuwa udongo. Uingereza iliwahi kuona madhara ya risasi zilizopotea majini: ndege wakubwa wa maji walizimeza pamoja na changarawe, wakafa, hata kuanzia mwaka 1987 vizito vingi vidogo vya risasi vya kuvulia kwa ndoana vikapigwa marufuku.

Chama kisiziamini tarakimu hizi bila kuzijaribu. Katibu achukue mzani wa kuning'iniza, afunge kizito kwa uzi na kukipima hewani. Kisha akizamishe katika ndoo ya maji bila kugusa kingo wala chini, akipime tena. Kizito cha udongo kilowekwe usiku kucha kabla ya kupimwa. Jaribio hili lifanywe mbele ya wanachama, kwa sababu jambo lililoonwa kwa macho halihitaji kutetewa kwa maneno mengi.

9. WAJIBU WA CHAMA

Kanuni ya saba ya ushirika, iliyopitishwa na Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika mjini Manchester mwaka 1995, inavitaka vyama vijali jamii vilimo. Kwa jambo hili, kujali maana yake ni kuitoa kazi ya risasi nyumbani kwa mtu mmoja mmoja na kuifanya kuwa shauri la wote. Mkutano wa wanachama wafikirie maazimio haya:

(a) Kuyeyusha risasi uani na jikoni kukome. Kuvunja betri kukome kabisa.

(b) Betri chakavu za wanachama zikusanywe zikiwa nzima, zisimwagwe maji yake, zihifadhiwe juu ya sakafu ngumu chini ya paa, na zikabidhiwe kwa mnunuzi mwenye kibali. Afisa mazingira wa halmashauri aulizwe kwanza.

(c) Nyavu mpya zifungwe vizito vya chuma au vya udongo. Nyavu za zamani zibadilishwe zinapofanyiwa matengenezo, ili gharama isimwelemee mtu kwa siku moja.

(d) Mpaka mabadiliko yakamilike, risasi safi isubiwe mahali pamoja tu, na watu waliochaguliwa, kwa utaratibu wa sehemu ya tano. Waoge na kubadili nguo kabla ya kurudi nyumbani, na nguo hizo zifuliwe peke yake.

(e) Mzazi aliyewahi kuyeyusha risasi nyumbani amweleze mganga bila kuficha anapompeleka mtoto kituoni. Asionewe wala asichekwe, kwa maana aliyesema ukweli amewasaidia na watoto wa jirani.

Katibu afungue daftari lenye safu tano: jina la mwanachama, idadi ya vizito vya risasi alivyo navyo, idadi iliyobadilishwa, aina ya kizito kipya, na tarehe. Daftari hilo lisomwe kila mkutano. Lisiposomwa, azimio litabaki karatasini.

Wazee wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambapo watu wa Tanzania walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vidogo, kisha wakaenda kufyeka nyasi, kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Somo lilihesabiwa kuwa limesomwa pale kazi ilipofanyika. Somo hili nalo lipimwe hivyo.

10. MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini walengaji wa gobore hupima kila risasi, na mvuvi ajifunze nini kwao?

2. Vizito sita vimepimwa vikawa na gramu 45, 46, 45, 40, 45 na 44. Kipi kirudi chunguni, na kwa sababu gani?

3. Wavu una urefu wa mita 60, na kizito hufungwa kila baada ya mita 2, pamoja na ncha zote mbili. Vinahitajika vizito vingapi? Vikiwa vya udongo vya gramu 82 kila kimoja, jumla ni kilo ngapi?

4. Elezeni hatua kwa hatua jinsi sumu ilivyotoka katika betri hata ikawafikia watoto wa Thiaroye-sur-Mer. Ni katika hatua ipi ingeweza kuzuiwa kwa urahisi zaidi?

5. Katika kijiji chenu, betri chakavu za taa za uvuvi, za pikipiki na za umeme wa jua huishia wapi? Nani anajua, na nani hajaulizwa?

6. Ni azimio lipi kati ya yale matano ambalo chama chenu kinaweza kulitekeleza kabla ya mkutano ujao bila kungoja fedha kutoka nje?

Majibu ya swali la 4, la 5 na la 6 yaandikwe katika kitabu cha mihtasari na kusomwa mbele ya mkutano wa wanachama.